Mtoto Amevimba Ghafla: Chanzo cha Mzio Hutafutwaje?

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu alikuwa anacheza vizuri tu. Mara uso umejaa mabaka mekundu yaliyoinuka, kama aliyeguswa na upupu, jicho moja limevimba hadi kufumba, na mikono haitoki masikioni kwa kujikuna. Kila aliyemo ndani ya nyumba anauliza swali moja: amekula nini?

Ni lazima liulizwe, ila likiachwa peke yake linapotosha. Anayeuliza hivyo ameshaamua kwamba chanzo ni chakula, tena kile cha mwisho kuingia mdomoni. Kuna watoto wanaonyimwa mayai au maziwa kwa miaka kwa sababu ya jibu lililotolewa kwa haraka siku hiyo. Wengine wanarudishiwa kile kile kilichowadhuru, kwa kuwa lawama iliangukia kitu kingine. Haya yote yanaweza kupungua sana kama familia itajua jambo moja: chanzo cha mzio hupatikana zaidi kwenye maelezo ya siku yenyewe, yakiandikwa mapema na kwa mpangilio wa saa, kuliko kwenye maabara. Kipimo hujibu swali uliloliuliza. Swali likiwa bovu, jibu nalo litakuwa bovu, hata likija limepigwa chapa na muhuri.

Lakini kwanza usalama, kwa sababu chanzo kinaweza kusubiri na pumzi haiwezi. Mabaka ya ngozi peke yake yanatisha kuliko yanavyodhuru. Hatari iko kwenye kifua na mzunguko wa damu, na mtoto mdogo hawezi kukuambia kwamba koo linambana. Itabidi umsome: kikohozi cha mfululizo kilichoanza ghafla, kilio kilichokwaruza, mluzi kifuani, udenda mwingi kuliko kawaida, ulimi kuvimba, kutapika tena na tena, kupauka, kulegea, au kusinzia wakati ambao si wake wa kulala. Dalili hizo zikiwapo, dawa ni adrenalini, sindano ya kwenye msuli wa paja kwa upande wa nje. Kipimo chake ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, na inaweza kurudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Kama sindano haipo nyumbani, safari ya hospitali inaanza hapo hapo. Dawa ya mzio ya maji inapunguza muwasho. Haifungui njia ya hewa wala haiinui shinikizo la damu lililoshuka, kwa hiyo isiwe sababu ya kungoja. Mtoto alazwe, au kama anahema kwa shida akalishwe miguu ikiwa imenyooka. Asisimamishwe na asibebwe wima begani, maana shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla. Akipata nafuu bado anahitaji kuangaliwa na wahudumu kwa saa kadhaa, kwani wimbi la pili linaweza kuja hata bila kula chochote kipya.

Sasa turudi kwenye chanzo.

Mzio wa ghafla hutokana na kingamwili iitwayo IgE. Inajishikiza juu ya seli za masti, ambazo zimetapakaa chini ya ngozi, kwenye utumbo na kwenye njia ya hewa, na hapo inasubiri. Protini inayoitambua ikifika, seli hizo zinamwaga histamini, kemikali inayovimbisha na kuwasha, pamoja na kemikali nyingine ndani ya dakika. Kwamba kitu hiki kinabebwa kwenye damu lilidhihirishwa mwaka 1921 na madaktari wawili wa Kijerumani. Heinz Küstner alikuwa na mzio wa samaki. Mwenzake Carl Prausnitz hakuwa nao. Prausnitz akadungwa ngozini majimaji ya damu ya Küstner, na kesho yake mahali pale pale pakadungwa dondoo ya samaki. Pakavimba na kuwasha, wakati ngozi yake kwingine haikufanya lolote. Kilichokuwa ndani ya majimaji yale hakikujulikana hadi miaka ya 1960 mwishoni, pale Kimishige na Teruko Ishizaka kule Marekani, na Johansson na Bennich kule Sweden, walipoibaini IgE kila timu kwa njia yake.

Jaribio la Prausnitz linafundisha jambo ambalo mzazi analihitaji sana: mwili huwa umeshajiandaa kabla. IgE ya yai haitengenezwi asubuhi ile mabaka yalipotokea, ilikuwapo tayari. Kwa hiyo kauli mbili zinazosikika kila mara, «hajawahi kukila» na «alishakila akawa mzima», hazikiondolei chakula shaka. Mtoto anaweza kukutana na protini ya karanga kwenye vumbi la nyumba au mikononi mwa watu. Kama ana ukurutu, ngozi iliyopasuka ndiyo mlango wake mkubwa. Anaweza pia kula kitu mara mbili tatu salama, mwili ukajiandaa polepole, na mara ya nne ndiyo ikawa hii.

Kinachoondoa au kuongeza shaka zaidi ya vyote ni saa. Mzio wa chakula wa aina hii huanza ndani ya dakika chache hadi saa 2 baada ya kula, na mara nyingi ndani ya nusu saa. Samaki wa jana usiku hahusiki na mabaka ya asubuhi. Wapo wanaotoka nje ya kanuni hii, nao ni vizuri kuwafahamu. Mtu aliyeumwa na kupe wa aina fulani anaweza kupata mzio wa sukari iitwayo alfa-gali, iliyomo kwenye nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, na mabaka yakatokea saa 2 hadi 6 baada ya mlo. Na kuna mzio wa utumbo usiohusisha IgE kabisa: mtoto anatapika mfululizo saa 1 hadi 4 baada ya kula, anapauka na kulegea, bila baka hata moja. Huu hudhaniwa kuwa chakula kimeoza au kwamba ameshikwa na maambukizi, na vipimo vya IgE mara nyingi hurudi safi. Kinachoufichua ni kurudia kwake: kila akila kitu kile kile, baada ya muda ule ule.

Tuchukue mfano mmoja tuutembee wote. Mtoto ana mafua tangu juzi. Saa 1:30 asubuhi amepewa ibuprofeni ya maji kwa ajili ya homa. Saa 2:00 amekula vijiko vichache vya yai la kukaanga, jingine kajipaka mashavuni. Saa 2:20 ametolewa nje kuchezea nyasi. Saa 2:30 mabaka yameanza kidevuni, yakashuka kifuani na mgongoni, na mdomo wa juu ukavimba. Bibi anasema ni yai. Baba anasema kaumwa na mdudu. Shangazi kwenye simu anasema ni ile dawa. Mama anakataa kuhusu yai: wiki iliyopita mtoto amekula keki yenye mayai na hakupata kitu.

Kila mmoja ana hoja, na ndiyo maana mabishano ya namna hii hayaishi. Tuanze na keki, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoteleza. Protini nyingi za yai na za maziwa hubadilika umbo zikikaa muda mrefu kwenye joto kali la oveni, zaidi zikiwa zimechanganywa na unga wa ngano. IgE ya mtoto huenda inalitambua umbo la awali tu. Takriban asilimia 70 ya watoto wenye mzio wa yai wanaweza kula yai lililookwa ndani ya keki bila shida, lakini wakadhurika na yai la kukaanga au la kuchemsha kidogo. Basi keki haijalisafisha yai. Imetuambia tu kwamba, kama ni yai, huenda ni mzio wa aina hiyo, na hiyo ni habari njema ya kumpelekea daktari.

Mafua nayo yasidharauliwe. Kwa watoto wadogo, maambukizi ya virusi ndiyo chanzo kinachoongoza cha mabaka ya ghafla, na watu wengi hawalijui hili. Tofauti yake haionekani sana saa ya kwanza, inaonekana kesho yake. Mabaka ya virusi huhama: hili linafutika tumboni, lile linazuka pajani, kila moja likiisha ndani ya saa 24, huku mapya yakiendelea kuja kwa siku kadhaa au hata wiki. Mabaka ya chakula kwa kawaida hutulia ndani ya saa chache, au siku moja, na hayarudi mpaka chakula kile kirudi. Kwa hiyo hali ya mtoto siku ya pili na ya tatu ni ushahidi muhimu. Ukienda kumwona daktari wiki tatu baadaye bila kukumbuka mambo ya siku hizo, umeiacha nyumbani nusu ya jibu.

Shangazi naye ana lake. Dawa husababisha mzio kweli, na ibuprofeni ni mojawapo. Ila dawa hupewa mtoto anayeumwa, kwa hiyo mara nyingi inalaumiwa kwa kosa la ugonjwa wenyewe. Mfano mkubwa ni penisilini na ndugu zake: zaidi ya watu 9 kati ya 10 walioandikiwa kwamba wana mzio wa penisilini, wakipimwa ipasavyo, wanaonekana wanaivumilia. Wengi walipata vipele utotoni katikati ya homa ya virusi, lawama ikabandikwa kwenye faili, na tangu hapo wakapewa dawa za ghali zaidi au zisizowafaa vizuri. Na kuna uwezekano wa tatu ambao hausikiki sana kwenye mabishano ya sebuleni: homa au dawa ya aina ya ibuprofeni inaweza kushusha kizingiti, ikamfanya mtoto adhurike na kiasi cha chakula ambacho siku nyingine angekivumilia. Hapo bibi na shangazi wote wako sahihi kwa sehemu. Hii ndiyo siri ya kesi nyingi za «lakini jana alikula hivyo hivyo».

Mdudu ni rahisi kumchunguza: tafuta alama ya kuumwa, na angalia kama uvimbe ulianza mahali pamoja, mguuni au mkononi, kabla ya kusambaa. Kama ulianza kidevuni, mdudu anarudi nyuma kwenye foleni.

Si kila kinachofanana na mzio ni mzio. Wekundu unaobaki pembeni mwa mdomo tu, baada ya nyanya, machungwa au stroberi, mara nyingi ni asidi kuichokoza ngozi laini, na hufutika upesi. Kuna pia watoto wanaotokewa na mstari mwekundu kutoka shavuni kuelekea sikioni kila wakitafuna kitu chachu, bila kuwasha wala kuvimba. Huo ni mshipa wa fahamu wa shavu, hauhusiani na mzio. Na mtoto aliyekohoa ghafla na kuhema kwa shida, akiwa hana baka lolote, akiwa alikuwa anachezea karanga au kipande cha plastiki, afikiriwe kwanza kuwa kapaliwa.

Mabaka yakishatulia, chukua karatasi siku hiyo hiyo. Andika kila kilichoingia mdomoni katika saa 4 za nyuma, na saa yake: chakula, dawa, dawa ya meno, maziwa ya mama na alichokula mama. Andika kilipikwaje na mtoto alikula kiasi gani. Uliza watoto wenzake na kila aliyemshika, kwa upole na bila kumtafuta wa kumlaumu, kwa sababu dada aliyemwonjesha kipande cha biskuti yake hatasema kama anaona atapigwa. Andika mafuta na losheni alizopakwa, kwani nyingine zina mafuta ya lozi, karanga au ufuta. Piga picha mabaka yakiwa mabichi, maana yatakuwa yamefutika kabla ya kufika kwa daktari. Pakiti za vyakula usizitupe: zipige picha mbele na nyuma, kwani watengenezaji hubadilisha viambato na sura ya pakiti ikabaki ile ile. Maandishi ya «huenda ikawa na karanga» mahali pengi ni ya hiari, kwa hiyo kutokuwepo kwake hakuthibitishi chochote.

Halafu andika orodha ya pili, ambayo karibu kila familia huisahau: vitu alivyokula *baada ya* tukio bila kudhurika. Akinywa maziwa jioni ile akawa mzima, na kesho akala mkate wa ngano akawa mzima, maziwa na ngano vimejiondoa vyenyewe, bila sindano wala gharama. Ninaiamini orodha hii kuliko karatasi nyingi za maabara. Sharti lake ni kwamba ijazwe na vyakula ambavyo havikuwapo kwenye mlo wa tukio, au ambavyo tayari amekuwa akila kila siku. Kile kinachoshukiwa hasa, kama yai la mfano wetu, kisijaribiwe nyumbani «tuone».

Baada ya hapo vipimo vinakuwa na kazi. Kipimo cha ngozi hufanywa kwenye mkono au mgongo: tone la dondoo ya chakula, mchomo mdogo kupitia tone hilo, kisha kungoja dakika 15 hadi 20. Pembeni huwekwa tone la histamini, ambalo ni lazima livimbe, na tone la maji ya chumvi, ambalo halitakiwi kuvimba. Uvimbe ukizidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, jibu ni chanya. Dawa za mzio lazima zisitishwe siku kadhaa kabla, la sivyo ngozi haitajibu. Baada ya tukio kali, madaktari wengi hungoja wiki 4 hadi 6, kwa sababu seli zilizokwisha kumwaga histamini zinaweza kudanganya kwa ukimya. Kipimo cha damu huhesabu IgE ya chakula fulani, na hakiathiriwi na dawa hizo.

Jambo la kushika hapa ni kwamba vipimo hivi vyote viwili vinaonyesha kama mwili *umejiandaa*, havionyeshi kama mtoto *atadhurika*. Watoto wengi wana IgE ya vyakula wanavyokula kila siku kwa raha. Jibu hasi ni la kuaminika sana. Jibu chanya lisilo na tukio nyuma yake linaweza kuwa si kweli kwa takriban nusu ya mara. Na ukubwa wa uvimbe au wa namba unaongeza uwezekano kwamba mzio upo, hausemi utakuwa mkali kiasi gani.

Ndiyo maana inauma kuona mzazi analipia kipimo cha vyakula kadhaa kwa mkupuo, «tujue vyote». Karatasi inarudi na ngano, soya, maziwa na samaki wote wakiwa chanya, na kuanzia siku hiyo mtoto anakula vitu vitatu. Anapungua uzito. Baya zaidi, mtoto mwenye ukurutu akiondolewa chakula alichokuwa anakivumilia, mwili unaweza kusahau kukivumilia, na mzio wa kwenye karatasi ukageuka mzio wa kweli. Utumbo kuzoeshwa mapema ni kinga. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia watoto wachanga 640 waliokuwa kwenye hatari kubwa, ulionyesha kwamba waliolishwa karanga mapema na mara kwa mara walipungukiwa na mzio wa karanga kwa takriban asilimia 80 walipofika miaka 5, wakilinganishwa na walioepushwa nazo. Vipimo vya IgG, kingamwili ya aina nyingine, vinavyouzwa kama vya «chakula kinachokukataa» ni vya kuachwa kabisa: IgG huonyesha tu kwamba mtu amewahi kula kitu hicho.

Kwa mtoto wa mfano wetu, daktari aliyesoma karatasi ya saa atapima yai na si zaidi ya kitu kimoja au viwili vingine. Yai likirudi hasi, na mabaka yaliendelea kuhama kwa siku nne, virusi vinachukua nafasi ya kwanza. Likirudi chanya kwa nguvu, na mabaka yaliisha jioni ile ile, mambo yameshikana. Likirudi katikati, linabaki jaribio la kula mbele ya daktari: chembe ndogo ya chakula, kungoja dakika 15 hadi 30, kisha kubwa kidogo, adrenalini ikiwa tayari mezani. Linachukua nusu siku, mtoto analia na mzazi anatokwa jasho, lakini ndilo linalomaliza ubishi. Dawa nazo hujaribiwa vivyo hivyo.

Wakati mwingine hakuna kinachopatikana. Tukio la kwanza peke yake huwa halitoshi, hasa kama mlo ulikuwa na viambato kumi. Likitokea tena, linganisha karatasi mbili na utafute kilichomo kote, ukianza na vinavyojificha: ufuta kwenye mikate, unga wa maziwa kwenye soseji, viungo vilivyochanganywa, korosho kwenye mchuzi. Kumbuka pia jamaa: mwenye mzio wa korosho mara nyingi ana wa pistachio, na wa jozi (walnut) mara nyingi ana wa pekani. Daktari ataamua kama mtoto apewe adrenalini ya kukaa nayo katika kipindi hicho, kutegemea ukali wa tukio la kwanza na kama ana pumu.

Na jibu likishapatikana lina muda wake. Wengi wenye mzio wa maziwa na mayai huuacha nyuma wakikua. Wa karanga ni takriban mmoja kati ya watano. Uliza tarehe ya kupima tena kabla hujatoka chumba cha daktari, na kama ibuprofeni au antibayotiki imeonekana haina hatia, hakikisha imefutwa kwenye faili la mtoto siku hiyo hiyo.